Anga la mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Naishi Kimara, nafanya kazi dukani Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa moja usiku nimechoka. Jumapili iliyopita, saa mbili asubuhi, mwanangu wa miaka saba alinionyesha mwezi juu ya mwembe, akaniuliza mbona umetoka mchana. Nilikosa jibu. Nikakumbuka kwamba tangu nihamie Dar sijawahi kusimama nikatazama juu kwa raha yangu, wakati nikiwa mdogo tulikuwa tunalala mkekani uani tukihesabu nyota. Natamani kurudia hali ile, lakini muda sina, darubini sina, na taa za mjini zimezimeza nyota. Nianzie wapi?"

Marahaba, dada. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ratiba hiyo unayoiona kuwa kikwazo ndiyo itakayokusaidia. Saa kumi na moja alfajiri ni saa ambayo anga la Dar bado lina giza, mawingu ya mchana hayajaanza kujikusanya, na taa nyingi za majumbani zimezimwa. Kisha basi lako linashuka Barabara ya Morogoro kuelekea mashariki, kunakopambazuka. Jioni linakurudisha magharibi, jua likitua mbele ya dereva. Aliyelala hadi saa mbili hayaoni haya. Wewe unapita katikati yake siku sita kwa wiki, kinachokosekana ni kuinua uso tu.

Kwa hiyo sitakuambia utafute muda. Chagua mahali pamoja unapopita kila siku, na urudie hapo hapo. Pawe pale unapofunga geti, au kona ya mtaa wenu ambako mashariki hapajazibwa na ukuta. Simama dakika mbili au tatu. Mtu anayetazama kipande kimoja cha anga kila siku huona mengi kuliko anayesafiri mara moja kwa mwaka kwenda mbugani kuona nyota, kwa kuwa uzuri wa anga uko kwenye mabadiliko yake, na mabadiliko huonekana kwa anayerudi. Ila alfajiri usisimame peke yako barabarani ukitazama juu. Fanya hivyo ukiwa ndani ya geti, au kituoni penye watu.

Sasa nimjibu mtoto, maana swali lake ni zuri sana.

Mwezi hauna zamu ya usiku. Kwa kadiri huwa juu ya upeo wetu karibu saa kumi na mbili katika kila siku moja, ila saa zenyewe zinahama: kila siku unachomoza takriban dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, ukakesha nasi. Siku chache baadaye unachomoza usiku mkubwa, kwa hiyo asubuhi jua linapotoka wenyewe bado haujamaliza safari yake, unaonekana upande wa magharibi, mweupe, umefifia. Huo ndio aliouona mwanao. Mwezi unapokua, kabla haujapevuka, mambo yanageuka: utauona alasiri, upande wa mashariki, kabla jua halijazama.

Mfanyie jaribio hili, hatalisahau. Siku mwezi ukionekana asubuhi na jua likiwaka, mpe chungwa, alishike akinyoosha mkono kuelekea mwezi hadi chungwa na mwezi vikae karibu karibu machoni pake. Jua litaangaza upande mmoja wa chungwa na kuacha upande mwingine kwenye kivuli, na sehemu iliyoangazwa itafanana na sehemu ya mwezi iliyoangazwa. Hapo ataelewa bila mchoro wowote kwamba mwezi ni tufe linalopigwa na jua lile lile linalompiga yeye, na kwamba kukua na kupungua kwake ni suala la tunauona kutoka upande gani. Watu wazima wengi wanadhani kivuli cha Dunia ndicho kinachoula mwezi kila mwezi. Sivyo. Kivuli cha Dunia kinaugusa wakati wa kupatwa tu.

Na kwa kuwa unarudi saa moja usiku, mwezi mchanga utakuwa rafiki yako wa kwanza. Siku mbili au tatu baada ya kuandama, tazama magharibi jua likishazama. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, hilali hukaa imelala chali, pembe zake mbili zikielekea juu kama mashua. Wenzetu wa Ulaya huiona imesimama wima zaidi. Ukikaza macho utaona kwamba sehemu iliyobaki ya duara nayo haijazimika kabisa, ina mwanga hafifu wa kijivu. Ule ni mwanga wa jua uliopiga Dunia yetu, bahari na mawingu yake, ukaruka hadi mwezini, ukarudi tena machoni pako. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, maelfu ya watu mjini hapa hutazama magharibi kuusaka mwandamo, na ninaipenda sana jioni hiyo, kwa sababu mji mzima unakumbuka kutazama juu kwa pamoja. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi hawana haja ya kukumbushwa. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu wanajua ni bamvua, maji yatajaa sana na kupwa sana, na ukiwa nusu ni maji mafu. Ukishuka ufukweni Jumapili ukakuta bahari imerudi nyuma mbali, tazama usiku huo mwezi uko hali gani, utaona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Kuna jambo moja nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ni la kwetu hasa na watu wengi wa Dar hawajawahi kuliona ingawa linatokea mbele yao kila jioni isiyo na mawingu.

Pwani yetu inatazama mashariki. Ndiyo maana hapa jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya nyumba, upande wa Pugu na Kisarawe. Watu wanaokwenda Coco Beach jioni huona jua likipotea nyuma ya majengo, wakasema basi, limeisha, wakageukia mishikaki na mihogo. Dada, hapo ndipo linapoanza. Siku ukiwa ufukweni, au juu ya Daraja la Tanzanite, au hata kwenye mwinuko wa huko kwenu Kimara wenye mashariki wazi, lipe jua mgongo mara tu linapozama. Tazama upeo wa bahari. Baada ya dakika chache utaona ukanda wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu umelala juu ya maji kutoka kushoto hadi kulia, na juu yake ukanda mwingine wa waridi. Anayetazama haraka atadhani ni ukungu. Ule ukanda wa kijivu ni kivuli cha Dunia. Sayari hii tuliyosimama juu yake imeziba jua, na kivuli chake kimeangukia hewa iliyo mbele yako, juu ya Bahari ya Hindi. Waridi ulio juu yake ni hewa ambayo bado inaguswa na miale ya mwisho, ile nyekundu iliyokwishapita kwenye anga nene.

Kadiri jua linavyozidi kushuka nyuma yako, kivuli kinapanda. Kwetu kinapanda upesi, kwa sababu jua letu linazama karibu wima, halitelezi kwa mshazari kama linavyofanya nchi za mbali na ikweta. Ndiyo maana hapa magharibi ni fupi: dakika ishirini na kidogo baada ya jua kuzama unahitaji taa kusoma gazeti, na katika saa moja na dakika kama kumi giza limekamilika. Kwa hiyo kivuli hicho utakiona kikitembea kwa macho yako, kikiinuka, mpaka mipaka yake ifutike na kiwe usiku wenyewe. Usiku ni kivuli, na wewe umekiona kikija. Ukifanya hivi siku ya mwezi mpevu, mwezi utachomoza baharini ndani ya kanda hizo hizo mbili, mkubwa, rangi ya machungwa, wakati kunguru wanapita makundi makundi kwenda kulala. Sijui tamasha lingine mjini hapa lisilo na kiingilio linalokaribia hilo.

Jua huzama Dar kati ya kama saa 12 na robo jioni, mwezi Mei, na saa 1 kasoro dakika kumi, mapema Februari. Alfajiri nazo zinahama: mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi, katikati ya Julai hadi saa 12:36. Tofauti ni ndogo ukilinganisha na nchi za mbali, lakini kwa mtu anayepanda basi saa ile ile kila siku ni kubwa. Kuna miezi utafika mjini katika giza na miezi utafika mwanga umeshashika. Weka alama pia ya mahali jua linapochomoza: mnara wa simu, mnazi, kona ya ghorofa. Kuanzia Juni hadi Desemba litahama kutoka kaskazini ya mashariki hadi kusini ya mashariki, umbali unaozidi ngumi nne za mkono ulionyooshwa. Halafu litaanza kurudi.

Mchana ukiwa dukani, najua anga la Kariakoo ni mchirizi kati ya maghorofa na nyaya. Hata mchirizi unatosha kwa mambo mawili. La kwanza ni mawingu. Tazama yanakoelekea kwa dakika moja. Miezi ya kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, yatakuwa yanatoka kusini-mashariki, baharini. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, yatatoka kaskazini-mashariki, na ni upepo huo huo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na India katika pwani hii kwa karne nyingi. Alasiri ukipata nafasi ya kutazama magharibi utaona mawingu meupe yamerundikana upande wa Pugu huku juu ya bahari kweupe, kwa sababu ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake ikapanda na kujenga mawingu. Na mvua ikinyesha huku jua linawaka, usihangaike kutafuta upinde saa sita mchana, haupo. Upinde wa mvua huonekana jua likiwa chini ya nyuzi 42 hivi kutoka kwenye upeo, maana yake kwetu ni kabla ya kama saa tatu asubuhi au baada ya kama saa tisa na nusu alasiri, na daima uko upande ulio kinyume na jua.

La pili ni kivuli chako mwenyewe. Mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kabisa juu ya Dar: karibu na Machi 3, kama saa 6:35 mchana, na karibu na Oktoba 10, kama saa 6:10. Siku hizo simamisha chupa wima nje ya duka, kivuli chake kitaingia chini yake kipotee. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri linapita kusini kwetu, miezi iliyobaki linapita kaskazini. Mfanyabiashara anayepanga mwavuli wake pembeni ya barabara analijua hili kwa mwili wake hata kama hakufundishwa. Waite wenzako muangalie pamoja. Jua lenyewe usilitazame kwa macho wala kwa miwani ya kawaida, wala kwa filamu za eksirei ambazo watu walizishika mikononi siku ya kupatwa kwa jua Septemba 1, 2016. Macho yakiungua ndani hayaumi wakati ule, na huenda yasirudi kama zamani.

Kuhusu nyota, ni kweli taa zimeziondoa nyingi. Njia Nyeupe, ule mkanda wa mwanga hafifu wa nyota nyingi unaokatiza anga, hutaiona ukiwa Kariakoo, itabidi ufike Kisarawe, au Kigamboni ya ndani kusini, au Bagamoyo usiku usio na mwezi. Lakini nyota zinazong'aa zaidi zinapenya, na kwa bahati nzuri nyota hizo ndizo zinazounda maumbo ya kukumbukwa. Umeme ukikatika mtaani, kabla hujalalamika, toka nje na mtoto. Yape macho dakika 20 hadi 30 bila kuwasha simu, kwa sababu jicho huchukua muda huo kulizoea giza, na mwanga mmoja wa kioo unakurudisha mwanzo.

Anza na kundi la nyota liitwalo Jabari. Utaitambua kwa nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, karibu karibu, sawa sawa kwa ung'avu. Katikati ya Februari, kama saa mbili na nusu usiku, iko utosini kwetu. Nyota ya mguu wake, ile ya rangi ya samawati nyeupe, inapita karibu kabisa na kitovu cha anga la Dar, jambo ambalo mtu wa Cairo au wa Johannesburg halioni. Lala mkekani ndipo uitazame, shingo haitoshi. Fuata ule mstari wa nyota tatu upande wa kusini-mashariki utafika kwenye Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Kisha geukia kusini, usawa wa katikati ya upeo na utosi, utaikuta ya pili yake, Suheli, ambayo mabaharia wetu waliitumia kujua kusini. Nyota ya Kaskazini usiitafute, kutoka Dar iko chini ya upeo, haionekani mwaka mzima. Mwisho wa Mei na Juni, kama saa mbili usiku, Salibu, nyota nne zenye umbo la msalaba, husimama kusini. Julai na Agosti, karibu na utosi, kuna kundi la Nge na mkia wake uliojikunja, na moyo wake ni nyota nyekundu.

Lakini wewe una alfajiri. Kila nyota huchomoza kama dakika nne mapema zaidi kuliko jana yake, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri unaona anga ambalo jirani zako wataliona saa mbili usiku baada ya miezi minne na nusu hivi. Mwishoni mwa Julai, wakati mji mzima bado umelala, Jabari itakuwa imeshatoka mashariki mbele yako, imelala ubavu. Juu yake kidogo, upande wa kushoto, kuna kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana. Hicho ni Kilimia. Wahenga wa pwani walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Nenda kalihakiki hilo mwenyewe: mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea, Kilimia kinapotea jioni magharibi katika mwanga wa jua. Kinaporudi alfajiri mashariki mwezi Juni, mvua zimekatika na kipupwe kimeanza. Hakuna aliyehitaji darubini kuligundua hilo. Alihitaji kutoka nje mapema, kama wewe.

Ukiona kitu kinang'aa sana na hakimetimeti, huenda ni sayari, Zuhura au Mshtarii. Kikiwa kinakwenda, kimya, bila taa za kuwaka na kuzima, kikavuka anga kwa dakika chache, yaelekea ni setilaiti, na kikiwa angavu kuliko nyota zote huenda ni kituo cha anga za juu cha kimataifa, chenye watu ndani, kilomita kama 400 juu yako.

Darubini usinunue. Nakusihi hilo kwa dhati, kwa sababu nimeona watu wakinunua zile za bei rahisi, zinatikisika, hazionyeshi kitu, mtoto anakata tamaa na kifaa kinaishia juu ya kabati. Baada ya mwaka mmoja wa macho matupu, ukiwa bado na hamu, tafuta darubini ya macho mawili yenye namba 7x50 au 10x50. Egemeza viwiko ukutani uelekeze kwa Mshtarii, utaona vidoa hadi vinne vya mwanga vimejipanga kando yake. Ni miezi yake ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, na usiku wa kesho yake itakuwa imebadilisha nafasi.

Na kama unapenda kuwa na tarehe ya kusubiri na mwanao, andika hii ukutani: Desemba 31, 2028. Jioni hiyo mwezi mpevu utachomoza kutoka Bahari ya Hindi ukiwa tayari umeanza kumegwa na kivuli cha Dunia. Kama saa 1:17 usiku utakuwa umefunikwa wote na kugeuka mwekundu, na utabaki hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Kupatwa kwa mwezi hakudhuru macho, tazameni mtakavyo. Nendeni pwani yoyote yenye mashariki wazi, Coco Beach, Kunduchi au Mji Mwema, na mfike saa kumi na moja jioni, kwa sababu ni mkesha wa mwaka mpya na barabara za kwenda ufukweni zitafungana mapema.